MJI NAO NI MGODI

Wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo yafahamika sana na wenye maduka, wenye kukopesha na kukopeshwa. Lakini leo, wasomaji wapenzi, nataka kuitumia kwa mali ya namna nyingine, mali ambayo karibu kila mmoja wetu anayo nyumbani kwake na hajapata kuiandika katika daftari lolote. Nayo ni ile simu iliyokufa, ile redio iliyonyamaza, ile televisheni nene ya zamani iliyogeuzwa meza ya kuwekea vyombo, na zile nyaya zilizozongwa zikatupwa juu ya kabati. Ndani ya vitu hivyo mna shaba, mna fedha, na mna dhahabu pia. Wataalamu wa zama hizi wamelipa jambo hili jina. Waliita uchimbaji wa madini mijini, yaani kuutazama mji kama vile watu wengine wautazamavyo mlima wenye mawe ya thamani.

Mtu aweza kucheka aambiwapo kuwa Mombasa ni mgodi, au kwamba Malindi na Lamu zina madini majumbani. Asicheke upesi. Neno lenyewe madini, ambalo tumelipokea kutoka kwa Kiarabu, lina asili ya kukaa na kutulia mahali. Maadini ni pale kitu kinapotulia. Basi tujiulize: dhahabu na shaba iliyochimbwa katika miaka mia hii iliyopita imetulia wapi leo? Si ardhini tena. Imetulia majumbani, maofisini, katika magari, katika nguzo na nyaya za umeme. Mji umekuwa ndio makazi ya madini.

KAZI YA KALE, JINA JIPYA

Waama, kazi yenyewe si ngeni kwetu. Masonara wa pwani hii, na wenzao wa Omani na Yemeni, waliyeyusha reale za Maria Theresa, zile sarafu kubwa za fedha zenye tarehe ya mwaka wa 1780, wakazifua kuwa mitali, vikuku na vidani. Fedha ile ilivuka bahari kama sarafu, ikaishia mguuni mwa bibi harusi. Na kama siku moja ukoo ungepatwa na shida, mitali ile ingerudi kwa sonara ikayeyushwa tena. Hakuna aliyetupa. Hata vumbi la sakafu ya sonara halitupwi, kwani masonara ulimwenguni kote hulizoa na kulikusanya, kwa kujua kuwa chembe za tupa zimo mle.

Kadhalika mafundi wetu. Mkebe wa maziwa uligeuka kibatari. Pipa la mafuta lilikatwa likawa karai na jiko. Tairi la gari likawa viatu vilivyomchukua mtu kutoka shamba hata mjini na kumrudisha. Walifanya hivyo bila ya kuitwa wataalamu, na bila ya kuitiwa mikutano. Haja ndiyo iliyowafundisha.

Kilicho kipya ni vitu viwili. Kwanza, ni wingi wa takataka zenyewe. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka wa 2024 yasema kuwa katika mwaka wa 2022 peke yake ulimwengu ulitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na kwamba madini yaliyokuwamo ndani yake yalikuwa na thamani ya dola bilioni 91 za Marekani. Katika tani hizo, ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kushughulikiwa inavyotakikana. Pili, ni uchangamano wa vitu hivyo. Mkebe ni bati tu, na reale ni fedha iliyochanganywa na shaba kidogo. Lakini simu moja ya mkononi yaweza kuwa na madini ya aina kadha wa kadha, yaliyokandamizwa pamoja kwa vipimo vidogo mno, na kuyatenganisha si kazi ya nyundo na mvukuto.

WAJAPANI NA NISHANI ZAO

Walioanza kulitia jambo hili katika daftari ni Wajapani. Nchi yao ina viwanda vingi na migodi michache, na kila aliye na haja hutafuta. Katika miaka ya 1980 Profesa Michio Nanjyo wa Chuo Kikuu cha Tohoku alisema kuwa miji ya Japani yafaa kuhesabiwa kama migodi, na jina alilolitumia likashika. Mwaka wa 2008 taasisi ya taifa ya nchi hiyo inayochunguza vifaa vya viwandani ilipiga hesabu. Ikakuta kuwa dhahabu iliyomo ndani ya vyombo na majengo ya Japani yakadiriwa kuwa tani 6,800. Kiasi hicho ni kama asilimia 16 ya akiba yote ya dhahabu iliyojulikana kuwa ingali ardhini ulimwenguni. Fikirini: nchi isiyotajwa kabisa panapotajwa nchi za dhahabu, iliketi juu ya hazina kama hiyo pasina kuijua.

Wakaitia hesabu hiyo katika vitendo. Michezo ya Olimpiki ilipokaribia kufanywa Tokyo, wenyeji waliamua kwamba nishani zote za washindi zitengenezwe kwa madini yaliyotoka katika vyombo vibovu vya wananchi. Tangu Aprili 1, 2017 hadi Machi 31, 2019 masanduku yaliwekwa katika ofisi za serikali za mitaa na mahali penginepo, na watu wakaleta. Zilikusanywa takriban tani 78,985 za vyombo vidogo vidogo, pamoja na simu milioni 6.21 zilizopokewa madukani. Humo zilipatikana kilo 32 za dhahabu, kilo 3,500 za fedha, na kilo 2,200 za shaba nyeusi. Zikatosha kwa nishani kama 5,000. Michezo yenyewe iliahirishwa kwa sababu ya maradhi ya korona ikafanywa mwaka wa 2021, na nishani zikavishwa shingoni mwa washindi, pamoja na wale wa kwetu waliokwenda kukimbia.

Nami nisiwafiche wasomaji kuwa nishani ile iitwayo ya dhahabu si dhahabu. Ina uzito wa gramu 556, na katika hizo dhahabu ni gramu sita na chembe. Iliyobaki yote ni fedha, na dhahabu imepakwa juu. Nalitaja hili si kwa kuwakebehi Wajapani, bali lituonyeshe kipimo cha kazi yenyewe. Vyombo ni tani elfu nyingi na dhahabu ni kilo chache. Aliyesema kuwa mtu ataokota simu kumi jaani akatajirika, amesema uongo.

Walakini mgodi wa ardhini nao ni hivyo hivyo. Katika machimbo mengi ya dhahabu, tani nzima ya mawe hutoa gramu chache tu. Tani moja ya vibao vya kompyuta, vile vya kijani vyenye chembechembe na mistari, huweza kutoa dhahabu zaidi ya gramu 100. Huko Kosaka, katika mkoa wa Akita, kaskazini mwa Japani, kuna kiwanda cha kuyeyushia madini kilichojengwa kwa ajili ya mawe ya mlima ule. Migodi ya jirani ilipofungwa katika miaka ya 1990, wenyewe hawakukifunga kiwanda. Walikibadilisha, kikawa chayeyusha vibao vya kompyuta na simu. Mlima uliisha, moto haukuzimwa.

KUTOKA KATANGA HADI HOBOKEN

Kisa kingine chatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili kwa karibu zaidi. Mwaka wa 1906 Wabelgiji waliunda kampuni iliyoitwa Union Minière du Haut-Katanga, ichimbe shaba ya Kongo. Katika kambi za wafanyakazi wake, kule mji wa Elisabethville ambao leo ni Lubumbashi, watu wa makabila mengi walikutana, na lugha yao ya kusikilizana ikawa ni Kiswahili. Shaba ilichimbwa, ikasafirishwa, ikajenga miji ya watu wengine. Mwaka wa 1967 serikali ya Mobutu iliyatwaa machimbo yale yakawa ya taifa.

Kampuni ikabaki bila mgodi. Lakini kule Hoboken, karibu na bandari ya Antwerp nchini Ubelgiji, kulikuwa na kiwanda cha kusafishia madini, nacho mwishowe kikaunganishwa na mabaki ya kampuni ile. Mwaka wa 2001 ikabadili jina ikaitwa Umicore. Leo matanuri ya Hoboken hayangoji mawe ya Katanga. Yapokea vibao vya simu na kompyuta kutoka pande nyingi za dunia. Vibao husagwa, vikatiwa motoni, na shaba iliyoyeyuka huzinyonya dhahabu, fedha na paladi, kama vile maji yanyonyavyo chumvi. Plastiki iliyomo huungua ikasaidia moto. Kisha shaba hutengwa, na masalio yake ndiyo husafishwa ikatoka dhahabu safi.

Mafunzo ni mawili hapa. La kwanza ni kwamba waliochimba ardhi ya Mwafrika wameona kuwa mgodi wa kesho umo katika taka za mjini, na wala si wajinga. La pili ni kwamba madini yaweza kuondoka kwetu mara mbili. Mara ya kwanza yatoka kama mawe, yakarudi kama simu tunayoinunua kwa bei ghali. Mara ya pili simu hiyo ikifa, vibao vyake huokotwa, vikafungwa magunia, vikasafirishwa tena, na dhahabu yake ikabaki ng'ambo. Sisi twabaki na nini? Twabaki na sanduku la plastiki, kioo kilichovunjika, na moshi.

SUMU NAYO IMO

Moshi huo ndio mzizi wa maneno yangu ya leo. Madini ya mjini hayakai peke yake. Pamoja na dhahabu kuna risasi, ile iliyotumiwa kuunganishia vipande. Kuna zebaki katika taa na vioo, na kadimi katika betri. Ngozi ya plastiki iliyovaa waya ikichomwa, hutoa moshi wenye sumu kali inayokaa mwilini miaka. Kijana anayechoma nyaya apate shaba huuza ile shaba siku ile ile, lakini moshi alioupumua hana wa kumuuzia.

Guiyu, katika jimbo la Guangdong nchini China, palikuwa mahali maarufu kwa kazi hii. Familia zilichambua vibao majumbani mwao kwa tindikali na makaa, na watoto wao walipopimwa damu walikutwa na risasi nyingi. Serikali ikawahamishia watu wa kazi hiyo katika eneo moja la viwanda, yapata mwaka wa 2015. Kule Accra nchini Ghana, uwanja wa Agbogbloshie ulijulikana dunia nzima kwa moshi wake mpaka ulipobomolewa Julai 2021. Lakini kubomoa si kutibu, kwani wachomaji walitawanyika wakaenda kuchoma kwengine.

Hata hapana haja ya kwenda mbali. Kisa chetu kiko papa hapa Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, upande wa Mikindani. Jirani ya kijiji hicho kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Huo ndio uchimbaji wa madini mijini hasa hasa: betri zilikusanywa mjini, zikavunjwa, zikayeyushwa, na madini yakauzwa. Kwa daftari la mwenye kiwanda ilikuwa ni faida. Kwa daftari la kijiji ilikuwa ni msiba. Watoto walipimwa wakakutwa na risasi damuni. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda hicho, aligundua kuwa mwanawe mwenyewe ameathirika. Akasimama na majirani, wakaandamana, wakapeleka malalamiko. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014, na mwaka uliofuata mama huyo akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Goldman kwa kutetea mazingira.

Kesi yao ilikwenda mbali. Mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufani ikaitangua hukumu hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni wenyewe: miaka kumi kamili tangu kiwanda kufungwa hadi neno hilo la mwisho kutamkwa. Mtoto aliyekuwa ananyonya siku moto ulipozimwa, alikuwa tayari na miaka kumi. Na risasi iliyoingia mwilini mwa mtoto huenda ubongoni, ikamzuia kukua na kujifunza. Fidia hainunui kilichopotea.

CHUMA CHA UMMA, NA HAKI YA MASIKINI

Kuna jambo jengine ambalo si budi kulitaja. Mgodi wa mjini una wenyewe. Mwamba wa mlimani haumuwashii mtu taa, lakini nguzo ya umeme yamuwashia. Januari 11, 2022 nchi yetu nzima iliingia gizani baada ya minara ya njia kuu ya umeme kuanguka, na ikaelezwa kuwa vyuma vyake vilikuwa vimeng'olewa na wezi. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya chuma chakavu, na mwezi wa Mei mwaka ule ule ikafunguliwa tena chini ya masharti makali zaidi. Sheria ya chuma chakavu ilikuwapo tangu mwaka wa 2015, ikimtaka kila mfanyabiashara awe na leseni. Lakini sheria isiyofuatwa ni karatasi.

Walioumia kwa marufuku hiyo si wezi peke yao. Waliumia pia wale waokotaji wa halali, wenye mikokoteni na magunia, waingiao vichochoroni mwetu kununua sufuria iliyotoboka na jembe lililovunjika. Watu hawa twawadharau. Twawaita majina yasiyopendeza, na kitu kikipotea twawashuku wao kwanza. Ilhali wao ndio wachimbaji wa mgodi huu, nao huulisha moto wa viwanda vya chuma vya nchi hii. Aluminiamu wanayoiokota ikiyeyushwa upya, hutumia nguvu kidogo mno: yaokoa takriban asilimia 95 ya ile ambayo ingetumika kuitoa katika mawe. Hiyo ni faida ya nchi nzima, na mwenye kuileta hapati hata glavu za mkononi.

Waliosoma fiqhi chuoni watakumbuka mlango wa zaka ya madini na rikazi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, anayechimba dhahabu au fedha machimboni hutoa robo ya ushuri, yaani sehemu moja katika arubaini. Lakini aliyeangukia rikazi, hazina iliyozikwa na watu wa kale, hutoa khumsi, moja katika tano. Wanavyuoni wameeleza hekima yake: palipo na taabu ndogo, haki ya wengine huwa kubwa. Sitoi fatwa hapa, maana si mahali pake na wenye kazi hiyo wapo. Lakini nauliza tu. Ikiwa hazina ya kuokotwa pasina jasho ina fungu la masikini, seuze hii ya mjini, ambayo masikini huyo ndiye aliyeiokota, akaibeba, na akaivuta moshi wake?

TUFANYE NINI?

Serikali ilipitisha sheria ya kushughulikia taka mwaka wa 2022, nayo yawatwika jukumu watengenezaji na waingizaji wa bidhaa, kwamba mzigo wao usiishie dukani bali hata baada ya bidhaa kufa. Mkataba wa Basel wa mwaka wa 1989, unaohusu kusafirisha taka za hatari baina ya nchi, nao ulitiwa vifungu vipya. Tangu Januari 1, 2025 takataka zote za vyombo vya umeme haziruhusiwi kupelekwa katika nchi nyingine ila kwa ridhaa ya nchi hiyo. Nairobi nako, tangu mwaka wa 2012, kuna kituo kiitwacho WEEE Centre kinachopokea vyombo hivyo na kuvifumua kwa utaratibu. Haya ni mazuri. Yaliyobaki ni kuyafikisha pwani, mpaka katika mitaa yetu, ili mwenye mkokoteni awe na pa kupeleka kibao cha kompyuta mbali na jaa na mbali na moto.

Nasi majumbani tuna yetu. Betri ya gari isivunjwe nyumbani, na maji yake yasimwagwe mtaroni. Iuzwe nzima. Waya usichomwe, na umenywe ngozi kwa kisu. Simu mbovu isitupwe na maganda ya ndizi, wala isipewe mtoto kuichezea na kuivunja betri yake. Na akina mama wanaonunua sufuria za kuyeyushwa mitaani waulize zimetokana na nini, kwani sufuria iliyochanganywa na vipande vya injini na betri si sawa na iliyotokana na sufuria nyingine.

Tusidanganywe pia kwamba mgodi huu utafunga migodi yote ya ardhini. Yako madini, kama tantali, ambayo tanuri huyapoteza katika mavi yake, na yale madini adimu yaliyomo ndani ya sumaku za simu hupatikana tena kwa kiasi cha chini kabisa. Kongo itaendelea kuchimbwa kwa muda mrefu. Lakini kila kilo ya shaba inayotoka mjini ni kilo moja isiyohitaji shimo jipya.

Basi tulifungue daftari. Upande mmoja tuandike dhahabu na shaba, na upande wa pili tuiandike sumu na jina la aliyeivuta. Hesabu yenye upande mmoja si hesabu. Nami nawaaga kwa ubeti huu:

Mji nao ni mgodi, kwa mwenye kuangalia,
Dhahabu ina ahadi, na sumu yaandamia,
Mchimbaji hafaidi, mwengine ajitwalia,
Na haki haina budi, mwenyewe kumfikia.